Kabla Matumbo Hayajatupwa

Ukienda soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga, watu wa mwisho kuwatazama ni wapaa samaki. Macho yote yako mnadani: nani kapata jodari, nani kapandisha bei, nani kaondoka amenuna. Wapaaji wamejikalia pembeni, ndoo ya maji huku, ubao huku, magamba yamewaganda mpaka viwikoni. Mimi nilifuata tasi wawili wa mchuzi, nikaishia kusimama karibu saa nzima nikimtazama mama mmoja na kisu chake.

Kisu chenyewe si kitu, bapa nyembamba iliyoliwa nusu na tupa. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, kwa hiyo kwanza aliilaza kwa ubavu wa kisu kama mtu anayelaza nyasi, hakuchomwa hata na mmoja. Kisha ncha ikaingia kwenye tundu la haja, makali yakiwa yametazama juu, akakisukuma hadi chini ya mashavu bila kugusa kilichomo. Kidole gumba kikafuata na matumbo yakatoka kwa mkupuo mmoja, mazima. Tasi anakula majani ya baharini, matumbo yake ni marefu na yamejizungusha kama kamba ya nanga. Ukiyatoboa, shombo lake utalala nalo. Yeye alipasua samaki kumi na mmoja mbele yangu na hakutoboa.

Lililonishika miguu lilikuwa jingine. Alipomchukua wa pili kati ya wangu, kabla hajampasua, alisema, "Huyu ana mayai."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwanangu, si unamwona tumbo? Na mwezi ndio huo unajaa."

Akamfungua, akanionyesha. Mifuko miwili ya rangi ya manjano iliyokolea, imelala sambamba chini ya uti wa mgongo, mishipa myembamba ya damu imetanda juu yake. Akaibonyeza kidogo kwa kidole. "Bado siku mbili tatu hizi. Yangekuwa tayari ungeona yanang'aa kama kioo, ukigusa tu yanamwagika." Wa tatu, wa mteja mwingine, alikuwa na mifuko iliyolegea, myekundu, kama puto lililotoka upepo. "Huyu kashazaa." Basi ana madaraja yake matatu: mabichi, yamewiva, kashazaa. Nimesoma vitabu vya wataalamu wa uvuvi vinavyoyagawa hayo hayo kwa namba za Kirumi, na sikuona kwamba wamemzidi sana.

Maarifa ya aina hii yaliwahi kubishaniwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa samaki wa bahari za joto, kwa kuwa hawana kipupwe cha kuwazuia, huzaa ovyo mwaka mzima. Mwaka 1990 watafiti Micheni Ntiba na Victor Jaccarini walichapisha kazi yao juu ya huyu huyu tasi katika pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba ana misimu yake ya kuzaa inayojulikana. Walifanya kwa kufungua matumbo, mwezi baada ya mwezi, na kupima. Hesabu yao ya msingi haihitaji shahada: pima uzito wa mfuko wa mayai, gawanya kwa uzito wa samaki, zidisha kwa mia. Namba ikipanda, mayai yanajaa. Ikiporomoka ghafla, wamezaa. Huko Ushelisheli watafiti wakaja kuona tasi hao hao wakikusanyika kuzaa mwezi unapokuwa mpevu. Wavuvi wa dema hawakuhitaji kuambiwa.

Lakini mizani ina upofu wake. Samaki mdogo ambaye hajawahi kuzaa na mkubwa aliyemaliza na kupumzika wanaweza kuwa na mifuko yenye uzito unaokaribiana, na kwa macho unaweza kuwachanganya. Anayetaka kujua zaidi huiacha mizani akaenda kwenye nta.

Huu ndio ufundi ninaoupenda kuliko yote katika kazi ya maabara, na hauandikwi magazetini kwa sababu hauna kelele. Kipande cha mfuko wa mayai, ukubwa wa punje ya muhindi, kinatiwa kwenye fomalini. Dawa iwe mara kumi ya nyama au zaidi, la sivyo kitaoza katikati huku nje kimekaa vizuri. Kinakaa siku nzima, pengine mbili. Kisha kinakaushwa maji yake kwa alkoholi, ngazi kwa ngazi, ya asilimia 70, ya 80, ya 95, mpaka ya 100. Ukiruka ngazi kinasinyaa. Baada ya hapo zailini, halafu nta ya moto ya nyuzi 58 hivi, ambayo inaingia mahali palipokuwa na maji. Kikipoa unabaki na kibonge cheupe ambacho mtu asiyejua angekitupa.

Sasa kukata. Kuna mashine yenye gurudumu la mkono na wembe usioguswa na mtu mwingine. Kila mzunguko unatoa kipande chenye unene wa mikromita 5, na unywele wako ni mnene mara kumi ya hapo au zaidi. Vipande vinatoka vimeshikana mikia kama utepe. Unaushika utepe kwa brashi, unaulaza juu ya maji vuguvugu, unajinyoosha wenyewe, kisha unauvua kwa kipande cha kioo. Feni izimwe. Katika joto la Tanga la mwezi wa pili, feni izimwe, kwa sababu upepo wa kope unatosha kuurusha.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa vibonge vinane nikavikata, nikaharibu sita. Yai likishajaa kiini huwa gumu ndani ya nta, wembe ukipita linapasuka kama kashata iliyokauka, na kwenye kioo unapata mashimo badala ya mayai. Fundi wa maabara ile, mtu mzima asiye na cheti cha kuning'iniza ukutani, alinitazama nikihangaika mpaka nilipoishiwa maneno. Akaja na bonge la barafu, barafu ile ile ya kuhifadhia samaki, akakilaza kibonge changu juu yake, kifudifudi. Akavuta kiti, akaketi. Dakika tano, hakusema kitu. Kisha akakirudisha kwenye mashine, akashusha pumzi yote kifuani, akazungusha gurudumu polepole na bila kusita, kama anayevuta ndoo ya kisima iliyojaa. Utepe ukatoka mzima. "Kijana," akasema, "wewe unakata. Usikate. Zungusha, wembe unajua kazi yake."

Kipande kikikauka kwenye kioo kinatiwa rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, inayotokana na moyo wa mti wa Amerika ya Kati. Ya pili ni eosini, ya waridi. Halafu unaweka chini ya hadubini na hapo subira yote inalipwa. Mayai machanga kabisa ni ya zambarau iliyoiva, kila moja na kiini cha seli kikubwa cheupe katikati, na kandokando ya kiini hicho madoa meusi yamejipanga kama shanga kiunoni. Mengine yamekua, yametokeza viputo vyeupe pembezoni. Makubwa zaidi yamejaa chembe za waridi, ndicho chakula cha mtoto atakayekuja. Halafu yapo yale yaliyo mlangoni: kiini cha seli kimeacha katikati, kimesogea ukingoni, chembe zimeyeyukiana, yai linanywa maji na kuvimba kwa muda wa saa chache. Hilo ndilo lile linalong'aa kama kioo la mama wa Deep Sea.

Na kuna kimoja ninachokitafuta kila mara. Yai likitoka, linaacha nyuma mfuko wake mtupu, umejikunja kunja kama kanga iliyovuliwa ikaachwa kitandani. Katika maji ya joto kama yetu mfuko huo haukai, siku moja au mbili umekwisha kufyonzwa. Kwa hiyo ukiuona kwenye kioo, hata kama samaki alikufa mwaka juzi na nyama yake ilishaliwa, unaweza kusema bila kupepesa macho: huyu alizaa usiku wa kuamkia siku aliyovuliwa, au uliotangulia.

Tarehe ya tukio ndiyo hiyo. Sababu yake iko mbali zaidi, kwenye jeni.

Kila seli ya tasi, iwe ya jicho au ya pezi, inazo jeni zote. Watu wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, hawatasumbuka kulielewa hili: kikundi cha taarabu kuwa na nyimbo mia ni jambo moja, na wimbo upi unapigwa usiku huu ni jambo jingine kabisa. Kinachoonyesha wimbo unaopigwa ni RNA, nakala ya muda inayochukuliwa kutoka kwenye jeni pale tu inapohitajika. Katika samaki jike anayejiandaa kuzaa, ubongo unaamrisha tezi ya pituitari, tezi inaamrisha mfuko wa mayai. Humo jeni iitwayo cyp19a1a inawashwa, inatengeneza kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Homoni hiyo inasafiri kwa damu hadi kwenye ini, na ini, kiungo ambacho usingekidhania, ndilo linalopika protini ya kulishia yai na kuirudisha kwa njia ile ile ya damu. Yai halijipikii. Madume nao wanayo jeni ya chakula hicho, imelala tu. Uingereza katika miaka ya 1990 madume waliokaa chini ya mifereji ya maji taka walikutwa wakikitengeneza, kwa sababu homoni za kike zilikuwa zimefika mtoni.

Ile zambarau ya mayai machanga, ambayo mafundi wameitazama kwa zaidi ya miaka mia, kwa sehemu kubwa ni RNA yenyewe. Yai changa linaiweka akiba kwa wingi, na hematoksilini inaishika. Watu walikuwa wakiitazama RNA kabla hawajajua ni nini.

Tatizo ni kwamba RNA haisubiri. Nyama inaweza kukaa kwenye barafu ukaila kesho, RNA inaanza kukatwakatwa pale pale samaki anapokufa, na vimeng'enya vinavyoikata vimo mpaka kwenye ngozi ya vidole vyako na kwenye mate unayoyarusha ukizungumza. Ndiyo maana fundi mzuri wa kazi hii anafanana na mpaa samaki kuliko na mwanasayansi wa kwenye picha. Glavu. Mkasi uliofutwa. Tumbo lifunguliwe kwa mkato mmoja, matumbo yasitobolewe maana yamejaa vimeng'enya, mfuko wa mayai utolewe, ukatwe vipande vyembamba visivyofika nusu sentimita ili dawa iwahi kupenya, na vitumbukizwe. Yote hayo ndani ya dakika chache, jua la saa nne likiwa kisogoni na watu wamekuzunguka wakiuliza samaki anauzwaje. Samaki wa dema ana bahati hapa, kwani anafika ufukweni akiwa hai. Aliyenaswa na wavu usiku amekuwa maiti tangu saa ambayo hakuna anayeijua.

Ukishawahi hapo, unarudi kwenye subira. RNA inageuzwa kuwa DNA, inawekwa kwenye mashine inayoirudufu mara mbili kwa kila mzunguko, mizunguko 40. Unachohesabu ni mzunguko wa ngapi mwanga umeanza kuonekana. Sampuli inayotangulia nyingine kwa mizunguko mitatu ilikuwa na nakala mara nane zaidi. Lakini mara nane kuliko nini? Inabidi uwe na jeni ya kulinganishia, isiyobadilika, na mfuko wa mayai ni mahali pagumu mno kuipata kwa sababu humo karibu kila kitu kinabadilika. Mimi kazi ambayo mwandishi wake hasemi alivyoichagua jeni ya kulinganishia huwa naifunga kwenye ukurasa wa pili.

Kwa upande wa maji baridi, mkoa huu wa Tanga una jina lake katika sayansi hii ya samaki. Perege wa mto Pangani walipewa majina ya kitaalamu mwaka 1955 na Rosemary Lowe, mtafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja, na mmoja wao anaitwa Korogwe mpaka leo: Oreochromis korogwe. Jirani yao wa mto Wami, unaoingia baharini upande wa Saadani, alisafiri mbali zaidi. Kupitia Zanzibar alifika Malacca, huko Malaya, na mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling akaandika kwamba dume wa jamii hiyo akipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto wote wanatoka madume. Wafugaji walifurahi, maana madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Kumbe jamii mbili zinazofanana hivyo zina kanuni tofauti za kumfanya mtoto awe jike. Kwa sato wa Nile, ambaye amechunguzwa zaidi, tunajua kwamba cyp19a1a na mwenzake foxl2 huanza kazi kwa majike siku chache tu baada ya kuanguliwa, wakati kiungo chenyewe ukikitazama kwa hadubini bado hakijaonyesha kama kitakuwa mfuko wa mayai au korodani.

Sasa silikanti, samaki anayeonyesha hasara ya kutowahi. Mwaka 1938, huko East London, Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, alimkuta kwenye shehena ya meli ya uvuvi samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na madinosaria. Hakupata dawa ya kutosha wala chumba cha baridi cha kumpokea. Ilibidi achunwe na kukaushwa, na matumbo yakatupwa. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alipofika hakukuta ila ngozi na baadhi ya mifupa, na ikabidi asubiri miaka 14 kumpata wa pili, Comoro, mwaka 1952.

Kwa hiyo kwa muda mrefu hata swali dogo kabisa, kwamba huyu anataga au anazaa, halikuwa na jibu. Mayai yake yalipoonekana yalikuwa makubwa kuliko ya samaki yeyote mwenye mifupa, kipenyo karibu sentimita 9, sawa na balungi. Jike mmoja aliyevuliwa Comoro mwaka 1962 alikaa kwenye jumba la makumbusho New York miaka 13. Walipompasua mwaka 1975 walimkuta na watoto watano tumboni, kila mmoja na mfuko wake wa chakula. Mwaka 1991 mwingine akavuliwa Msumbiji akiwa na watoto 26. Mwaka 2021 Kélig Mahé na wenzake walihesabu pete za magamba kwa mwanga maalumu, wakakadiria kwamba mimba huchukua miaka mitano hivi, na kwamba jike hawi tayari kuzaa kabla ya kukaribia miaka 60. Soma tena hapo. Bibi.

Tanzania ilimpata wa kwanza mwaka 2003 huko Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia mwaka uliofuata wakawa wananaswa Tanga, Kigombe na Mwarongo, kwenye majarife ya papa yaliyotegwa vilindini, na idadi yao ikashangaza watu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga ikatangazwa mwaka 2009. Mwaka 2011 Masato Nikaido na wenzake wa Japani, pamoja na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) akiwamo Benjamin Ngatunga, walisoma DNA ya samaki hao na kuonyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni ukoo wa peke yake, uliotengana na wenzake kwa angalau miaka 200,000.

Hiyo ni DNA, ambayo inavumilia. RNA ni habari nyingine. Watafiti walipoandika mwaka 2013 kuhusu jeni zinazoamua jinsia ya silikanti, viungo walivyoweza kusikiliza RNA yake vilikuwa korodani na ini, vya dume wa Indonesia. Samaki wetu anakufa usiku wavuni, anafika asubuhi, anapigwa picha, anaitiwa mwenyekiti, anasubiriwa gari. Mfuko wa mayai uliohifadhi kazi ya miaka hamsini unanyamaza kabla injini haijawashwa.

Simtakii silikanti yeyote wavu. Ni marufuku kumvua na kumuuza, na aliye hai arudishwe. Lakini atakayekuja amekwisha kufa, na atakuja, asipokelewe na mikono mitupu kama ya 1938. Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti za utafiti ni kidogo: katika kila diko kuanzia Kigombe hadi Moa pakae boksi la barafu, glavu, mkasi, na chupa chache za dawa ya kuhifadhia RNA ambayo haihitaji umeme siku ya kwanza. Msimkabidhi mhitimu atakayekuja na gari kesho yake. Mkabidhini yule mama mwenye kisu, mfundisheni kwa asubuhi moja, na mumlipe.